Nauza Boma

Leonardi alikuwa na kasoro moja ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa sifa: hakupenda kuuliza. Mtu akimwelekeza njia, aliitikia kwa kichwa kabla maelezo hayajafika nusu, akaenda, akapotea, akafika jioni amenuna. Padri akihubiri jambo zito, Leonardi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "kabisa, kabisa" nje ya kanisa, na ukimbana akueleze padri kasema nini, anakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kufungia. Mkewe, Luciana, alikwisha kumzoea. "Baba Dominika ukimwambia anaungua," aliwaambia wanawake wenzake kisimani, "atakujibu moto anaujua tangu utoto." Wakacheka, na Leonardi alipohadithiwa akacheka naye, maana wakati huo kasoro hiyo ilikuwa haijamgharimu mtu kitu.

Hayo yalikuwa kabla ya Operesheni. Walikaa juu kabisa kwenye uwanda, penye upepo, nyumba ya udongo yenye paa nene la nyasi, matuta ya ulezi na mahindi pande zote, na jirani wa karibu ukimtaka ni lazima upaze sauti. Amri ya kuhamia kijijini ilipokuja, walikawia. Mgambo wakaja. Hawakumpiga mtu, tuseme ukweli. Walipanda tu juu ya nyumba wakaanza kuezua. Luciana alikuwa ndani, chungu cha maharage kiko motoni, mara nyasi na masizi vikaanza kumwagikia chunguni, na jua likaingia pale ambapo lilikuwa halijaingia tangu waoane. Alitoka nje amekishika chungu chake kwa matambara. Hakulia. Alisimama uani akawatazama vijana wale mpaka wakamaliza, ndipo akamgeukia mumewe.

"Baba Dominika, mimi sitaki kufia kwenye nyumba ambayo mtu anaweza kupanda tu akaiezua."

Maneno yale yalimkaa Leonardi.

Kijiji kipya kiliitwa Mshikamano. Kilikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, nyumba zimepangwa mstari ili bwana mkubwa akipita barabarani azione zote bila kushuka kwenye gari. Bonde lile halikukipenda kifua cha Luciana. Kila mvua zilipoanza, kifua kilibana, na pumzi yake ikawa inasikika mpaka nyumba ya pili. Kumfikisha hospitali ya mjini ilikuwa kazi ya kutwa nzima kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kuna siku njia ilikatika kabisa wakageuka naye. Sista mmoja pale hospitalini alimwambia Leonardi waziwazi kwamba mama huyu wakati wa mvua akae karibu, la sivyo iko siku watamleta wakiwa wamechelewa.

Wakajaribu kumpangisha chumba mjini kwa watu wa ukoo. Luciana hakumaliza mwezi, akarudi Mshikamano angali mgonjwa.

"Wamekufanya nini?" Leonardi alimwuliza.

"Hawakunifanya kitu. Ila nikikohoa nasikia wanavyojigeuza vitandani." Alikaa kwanza kutafuta pumzi. "Kuumwa naweza, Baba Dominika. Kuugulia kwa watu ndiko siwezi. Nitafutie kwangu. Hata kama ni chumba kimoja, kiwe kwangu, kiwe cha bati."

Basi ndivyo Leonardi alivyoanza kuvipanda vilima vya mji. Mtu akiingia Sumbawanga na kuvuka mtaa wa Izia, akielekea upande wa milima ya Mbizi, anakuta mtaa uliojibandika ubavuni mwa kilima: nyumba za matofali ya kuchoma, moja juu ya kichwa cha nyingine, bati la jirani liko usawa wa kizingiti chako. Maji hayatuami pale. Upepo wa Juni unakata mashavu, lakini ni upepo mkavu. Na hospitali unaiona kwa macho, chini kule, mgonjwa anabebwa mgongoni tu. Leonardi alipofika mara ya kwanza alisimama kwenye uchochoro, akavuta pumzi ndefu, akaona kifua chake mwenyewe kimefunguka. Akasema hapa hapa.

Nyumba iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa ya Mzee Selemani. Zamani alikuwa na duka sokoni, khanga na mafuta ya taa na vibiriti, mpaka serikali ilipoamua maduka ya watu binafsi yafungwe. Duka likafungwa, akabaki na lori moja bovu, na sasa alikuwa amechoka na mji. Watoto wake walikuwa Kirando, huko ziwani, wanafanya biashara ya dagaa, wakimwita kila kukicha. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi. Siku ya mapatano alimkalisha Leonardi kwenye benchi barazani, mkewe Mwasiti akaleta chai ya rangi isiyo na sukari, akaomba radhi kwa sukari, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Shahidi alikuwa Alois, balozi wa nyumba kumi. Leonardi alikuja na binti yake, Dominika, mwanamke mzima aliyekwisha kuachana na mume na kurudi nyumbani, mwenye macho ya kuona mambo mapema kuliko alivyotaka baba yake.

"Mzee mwenzangu," alisema Selemani, "nisikufiche. Ardhi ni ya serikali, sina ardhi ya kukuuzia. Mimi nauza boma."

"Boma nalijua," Leonardi akajibu.

"Boma tu, lakini."

"Ndiyo. Boma. Mimi nimezaliwa kwenye boma, mzee wangu, usipate taabu."

Selemani akamtupia jicho Alois. Alois alikuwa anapuliza chai yake. Hapo ikaja bei: wale maksai wawili wa Leonardi wa kulimia, na magunia ya ulezi. Leonardi moyo ulimruka. Nyumba nzima, ya matofali, yenye bati juu, kwa maksai na ulezi! Alijikaza usoni, akakuna kidevu, akalalamika kidogo kwa adabu ili asionekane amefurahi mno, na ndani kwa ndani akajisifu kwamba leo mkulima wa uwandani amemzidi akili mfanyabiashara wa mjini.

Dominika akamwinamia sikioni, akamnong'oneza kwa Kifipa. "Baba, waulize wanahama na nini na wanaacha nini."

"Unataka nimwulize mtu mzima kama nyumba anayoiuza ina mlango?" Leonardi akamnong'oneza kwa Kifipa vilevile, akitabasamu kuelekea kwa wenyeji ili wasijue. "Watatucheka mpaka kule Muze."

"Watucheke, baba."

Lakini Leonardi alikwisha kunyoosha mkono, na Selemani akaupokea. Alois akasema ameona, amesikia, ni shahidi. Walipatana kwamba Selemani atahama mara lori lake litakapotengemaa, na mvua zikianza boma ni la Leonardi.

Jioni ile kule Mshikamano, Luciana aliuliza maswali yote ambayo mumewe hakuyauliza.

"Bati ni zima?"

"Zima. Limepigiliwa misumari ile yenye kofia."

"Mtu anaweza kupanda akaling'oa?"

"Nani? Mjini pale, mchana, mbele ya balozi?" Leonardi akacheka. "Mama Dominika, hiyo ni nyumba ya kununua. Haina amri ya mtu."

Luciana akalala chali akitazama nyasi za paa lao. Alitaka kujua chumba cha kona kiko upande gani, na kama dirisha lake linapata jua la asubuhi, na kitanda chake kikae wapi. Leonardi akamchorea chumba chote hewani kwa kidole. Kisha Luciana akasema jambo ambalo mumewe hakulijua, ingawa walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu ujana.

"Sijawahi kulala chini ya bati mvua inanyesha. Wanasema inapiga kelele mpaka watu hawasikilizani."

"Inapiga kelele sana. Itakukera."

"Haitanikera," alisema Luciana. "Nitalala naisikiliza tu, najua ni yangu."

Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Kipindi chote cha kungoja alikuwa akiyarudia hayo ya mvua na bati, mpaka Dominika akamtania kwamba mama anataka kuolewa na bati. Leonardi alimtafutia ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akakubali kwa shingo upande kwamba wanawake wahame kwa ajili ya ugonjwa, ila mwanamume abaki alime, awe anakwenda na kurudi. Haya yakiendelea, redio ikatangaza vita. Adui ameingia Kagera. Malori yakaanza kuchukuliwa kwenda mbele, na vitu ambavyo vilikuwa vya shida vikageuka vya kusimuliwa tu. Leonardi alisikia kama watu wote walivyosikia, akasikitika kama watu wote, wala hakuona habari hiyo inahusiana vipi na nyumba yake.

Mawingu ya kwanza yalipojikusanya upande wa Mbizi, Luciana alikwisha kuanza kubanwa. Ignasi, shemeji yake, akatoa ng'ombe wake na mkokoteni, maana ng'ombe wa Leonardi walikuwa wamekwisha kuwa wa mtu mwingine. Wakamlaza juu ya magunia, wakamfunika kwa ngozi ya ng'ombe, kuku miguuni, chungu chake cha maharage ubavuni. Njia nzima Leonardi alitembea mbele kifua wazi, akisalimiana na kila waliyekutana naye, na hata asiyeuliza alijibiwa: "Tunahamia mjini. Nimenunua."

Walipoanza kuupanda mtaa, watu walitoka milangoni wakatazama. Leonardi alidhani wanatazama ng'ombe. Akakata kona ya mwisho, akainua mkono amwonyeshe mkewe nyumba, na mkono ukabaki hukohuko juu.

Kuta zilikuwepo. Zote nne na zile za ndani, imara, matofali mekundu. Juu ya kuta hapakuwa na kitu. Hapakuwa na bati, wala kenchi, wala boriti moja. Palipokuwa na mlango palikuwa pengo. Palipokuwa na madirisha palikuwa mapengo, na kwa kupitia mapengo hayo uliona kilima kwa upande wa pili. Leonardi aliingia. Sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri, hata unyasi mmoja hukuti. Katikati ya chumba cha mbele Mwasiti alikuwa ameacha mtungi umejaa maji, umefunikwa kwa kata, kama anavyoachiwa mgeni wa heshima. Leonardi aliinua macho, akaona wingu jeusi limetulia katikati ya nyumba yake.

Akatoka. Luciana alikuwa amejiinua kwa kiwiko juu ya magunia, anaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu, kuta, kisha juu ya kuta, kisha uso wa mumewe.

"Mgambo wamefika na huku?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na ndiyo maana Leonardi swali lile lilimchoma kuliko matusi.

"Kuna makosa," alisema. "Nakwenda kwa balozi. Kuna makosa mahali."

Jirani wa nyumba ya juu, mwanamke kijana aitwaye Zaitun, akashuka upesi, mtoto mgongoni. "Shikamoo mama. Karibuni kwangu kwanza, mvua hiyo inakuja."

"Marahaba, mwanangu. Asante," Luciana akamjibu. "Mimi nimefika. Niingizeni ndani, Dominika. Chumba cha kona."

"Mama, ndani hamna..."

"Naona. Niingizeni."

Wakamwingiza. Dominika akatandika mkeka pale pale ambapo Leonardi alipachora kwa kidole hewani, na Luciana akalala ameegemea ukuta wake. Leonardi akateremka mbio kwa Alois.

Alimkuta balozi anapukuchua mahindi. Alianza kwa salamu, akashindwa kuzimaliza. "Mzee Selemani ameniibia. Ameng'oa bati. Ameng'oa milango. Wewe ni shahidi, ulikuwepo!"

Alois alimtazama bila kuelewa. "Ameng'oa vyake, mzee. Si amehama navyo?"

"Ameniuzia nyumba!"

"Amekuuzia boma."

"Ndiyo, boma! Boma ni mji wa mtu. Nyumba, paa, zizi, ghala, kila kilichomo. Hata mtoto anajua."

"Huko kwenu uwandani, sawa," Alois alisema polepole, na uso wake ukaanza kubadilika, kwa kuwa alianza kuelewa. "Hapa kwetu boma ni kuta. Fundi akimaliza kuta kabla hajaezeka, anakwambia boma limesimama. Mtu akikwambia nauza boma, anakuuzia kuta. Na Selemani alikwambia boma tu. Alisema 'tu', mzee. Mimi nilimsikia."

"Mimi sikujua."

"Ungeuliza, baba."

Leonardi alikaa chini kwenye mahindi ya watu. Alois akaendelea, na afadhali angenyamaza. Alisema miaka hii bati linatafutwa kuliko mchumba, nani auze nyumba ya bati kwa maksai wawili? Hata mtaani walishangaa jinsi mgeni alivyokubali haraka. Wakasema huyu mzee ni mjanja, hakosi ana bati lake amelificha mahali, anachotafuta ni kuta tu. Walimsifu. Na sasa Selemani yuko Kirando, bati limekwisha kuezekwa kwenye nyumba ya mwanawe, na huko madukani hata ukipiga magoti hupati hata moja, zote zinakwenda vitani.

"Nitaezeka kwa nyasi," Leonardi alisema.

Wote wawili walikuwa Wafipa, wote wawili walijua. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, zikiwa ndefu na kavu. Mwezi ule vilima vyote vilikuwa vimekwisha kuchomwa moto, vyeusi mpaka juu, na majani mapya hayajazidi kimo cha kidole.

Ingekuwa rahisi kama Selemani angekuwa mwizi. Mwizi unamlaani, unamshtaki, unamwota usiku ukimkaba. Leonardi alipopanda kilima kurudi alitafuta mtu wa kumchukia akamkosa. Kila alipogeuka alikutana na sauti yake mwenyewe ikisema: Boma nalijua.

Mvua ilimkuta njiani. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, kama zinavyofanya za alasiri kule. Alipofika, Ignasi na Dominika walikuwa wamesimama kwenye chumba cha kona wameishika ile ngozi ya ng'ombe juu ya Luciana, kila mmoja pembe zake, maji yakiwateremkia mikononi mpaka makwapani. Zaitun alikuwa amesimama kwenye pengo la mlango, amelowa, anasihi. "Baba, mwambie. Nyumba yangu ni hapo tu. Mwambie aje."

Na hapa ndipo Leonardi alipokosea mara ya pili, na hili halikuwa kosa la neno. Luciana alikuwa mwepesi siku hizo, angeweza kumbeba kama mzigo wa kuni akavuka uchochoro. Lakini milango yote ya mtaa ilikuwa imejaa nyuso. Kumtoa mkewe pale, kumwingiza kwa jirani mbele ya macho yale, ilikuwa ni kutangaza kwamba Leonardi wa Mshikamano, aliyepita akisema nimenunua, amenunua mbingu. Aliona haya. Aliona haya kuliko alivyoona hofu. Akashika upande wa tatu wa ngozi.

"Itapita sasa hivi," alisema. "Hizi za kwanza hazikai."

Mtaa mzima ulikuwa unanguruma. Kilima kile, nilivyosema, nyumba zake zimekaliana vichwani. Bati za juu, bati za chini, bati za kulia na kushoto, zote zikipigwa mvua kwa pamoja, kelele kiasi kwamba hutasikia ukiitwa. Ni nyumba moja tu iliyokuwa kimya katikati ya kelele hizo. Luciana alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa inasogea, na Leonardi akapiga magoti kwenye maji ili amsikie.

"Baba Dominika. Sikia."

"Nasikia."

"Ni bati?"

"Ni bati."

Alivuta pumzi, nyembamba, ikachukua muda kufika. "Ni letu?"

Mkono wake mmoja ulikuwa umetoka nje ya ngozi, umelala sakafuni, kiganja kimeangalia juu. Kilikuwa kimejaa maji, na matone yalikuwa yakiendelea kudondokea humo. Leonardi aliuona mkono ule. Akautazama, kisha akauondolea macho.

"Letu," alisema.

Luciana akatabasamu, au alibanwa tu, ni vigumu kujua. Hakuuliza tena. Midomo yake ilipoanza kugeuka rangi, ndipo Leonardi aliposahau mtaa na nyuso zake, akamnyanyua akateremka naye kilima, akiteleza, akiinuka, Dominika nyuma na ngozi ikiburuta. Hospitalini walimpokea upesi, wakafanya yote yanayofanywa. Hakufika Jumapili. Madaktari walisema kifua kilikuwa kibaya kwa muda mrefu, hata angekaa pakavu huenda isingesaidia. Walisema hivyo kwa huruma, na Leonardi alielewa kwamba ni huruma.

Alizikwa mjini, kwa sababu barabara ya uwandani ilikuwa imekatika. Msiba walikaa kwa Zaitun.

Selemani alipata habari kwa watu wa dagaa. Alikuja siku ya kuanua tanga, ameomba nafasi kwenye gari la mtu, maana lori lake nalo lilikuwa limekwenda vitani. Alishusha bati za chumba kimoja, zimefungwa kamba. Alivua kofia, akaketi karibu na Leonardi kwenye benchi la Zaitun.

"Ni za kile chumba cha kona," alisema. "Mwasiti ndiye aliyesema nizirudishe. Nilimwambia kijana wangu azing'oe, hakukataa." Akazunguka-zunguka na kofia mikononi. "Mzee mwenzangu, mimi nilikuuzia kwa moyo safi. Nilisema boma tu."

"Ulisema."

"Sikujua hukujua."

"Najua," alisema Leonardi. "Ningekuuliza."

Wakaziezeka wenyewe, wazee wawili juu ya ukuta, Ignasi akiwapa misumari. Matundu ya zamani yalizibwa kwa lami. Dominika alihamia chumba kile, akawa anauza unga wa ulezi sokoni, na Leonardi akawa wa kwenda na kurudi kama mwenyekiti alivyoruhusu. Watu wanasema msiba ulimbadilisha tabia. Akawa muulizaji wa kuudhi. Dukani aliuliza kama chumvi hii ni chumvi, na akijibiwa ndiyo, anauliza tena. Njiani aliuliza njia aliyoipita maisha yake yote. Vijana wa sokoni walimpa jina, "Mzee Eti", wakimwona wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Hakuwakasirikia.

Jambo moja lilimsumbua Dominika. Baba yake akiwa pale kilimani na mvua ikaanza, alikuwa akiinuka alipoketi, hata kama anakula, akatoka nje. Alisimama uchochoroni na kofia yake ya zamani, akalowa mpaka mvua iishe. Mara ya kwanza Dominika alimwacha. Safari moja akamfuata amejitwika gunia kichwani, akamshika mkono.

"Baba, ingia ndani. Utaugua."

Leonardi hakusogea. Bati la chumba cha kona lilikuwa likinguruma pamoja na bati zote za kilima, huwezi kulitofautisha.

"Dominika," alisema. "Siku ile. Mama yako aliamini kwamba ni letu?"

Siku ile Dominika alikuwa ameshika ngozi upande wa ule mkono wa mama yake uliojaa maji. Alimtazama baba yake, maji yakimtiririka ndevuni.

"Aliamini, baba."

Leonardi, ambaye siku hizo kila kitu alikiuliza mara mbili, hakuuliza tena.